Kiingereza kilichoingia Olasiti kwa miguu

Leo tuzungumzie mpira, ila msishangae tukiishia darasani.

Mtoto wa Olasiti huanza kusema Kiingereza kabla hajajua kushika penseli. Siku mpira wa makaratasi unapomgusa mwenzake mkononi, naye akapaza sauti "hendi!", keshaanza. Baada ya hapo anaokota goli, kona, faulo, penalti, refa, kipa, beki na sabu. Hajakaa dawati lolote, lakini ana maneno ya Kiingereza ya kutosha kuendesha mechi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Miaka inapita, anamaliza darasa la saba, anaingia kidato cha kwanza. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anafundisha Baiolojia kwa Kiingereza, anauliza swali kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa na mdomo mrefu uwanjani sasa anaangalia chini.

Ile kelele na huu ukimya ni vya mtoto mmoja. Nini kimetokea hapo katikati? Nadhani jibu limo kwenye historia ya maneno yenyewe ya mpira. Ukiyatazama vizuri utaona yamekuja kwa awamu tatu, na kila awamu inaeleza tulivyokutana na Kiingereza wakati huo.

Kwa wale wasioijua Chuga vizuri: Olasiti iko upande wa magharibi wa jiji la Arusha, unapotoka mjini kuelekea Kisongo na uwanja mdogo wa ndege. Hali ya hewa ikiwa nzuri, Mlima Meru unauona wote. Jina lenyewe ni la Kimaasai, kama ilivyo kwa jirani zake Olmoti na Oljoro. Wenyeji ni Waarusha, kisha wakahamia watu wa kila kabila waliofuata kazi mjini. Kwa hiyo mtoto wa hapa anaweza kuwa na lugha ya nyumbani, akawa na Kiswahili cha mtaani na cha shule ya msingi, halafu Kiingereza kikaja kuwa cha tatu. Hilo tulikumbuke, litatusaidia mbele.

AWAMU YA KWANZA: MANENO YA SIKIO

Sheria za soka zilianza kuandikwa London mwaka 1863. Penalti, ambayo leo inatugombanisha kila wiki, iliingizwa kwenye sheria mwaka 1891. Kabla karne ya 19 haijaisha, wamisionari wa UMCA walikuwa wameshaufikisha mchezo huu kwa wanafunzi wao pale Kiungani, Zanzibar. Huku bara, Mjerumani ndiye aliyetangulia. Boma lake mjini Arusha, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, bado limesimama na leo ni makumbusho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza akachukua Tanganyika.

Hapa kuna kitu kinachonifurahisha sana. Neno "shule" tumelitoa kwenye Kijerumani. Lakini ukitoka tu nje ya darasa la hiyo shule ukaenda kiwanjani, karibu kila neno la mkopo ni la Kiingereza. Mjerumani alituachia jina la jengo, Mwingereza akatuachia majina ya mchezo unaochezwa nyuma ya jengo.

Maneno haya hayakupitishwa na kamati yoyote. Waliyoyachukua ni makarani, vibarua wa bandari, askari, watoto wa shule na watu wa reli, na wengi wao waliyachukua kwa sikio. Waliyasikia, wakayatia mdomoni, wakayapa vokali ya mwisho ili yakae sawa na mengine. Goli likapata wingi wake, magoli. Refa akakatwa mkia wa jina lake la Kiingereza na hakuna aliyelalamika. Golikipa alikuwa mrefu mno kwa mtu anayepiga kelele, akabaki kipa. Kocha akawa mwalimu wa timu, na kochi likabaki sebuleni. Pasi ikaja kukuta pasi nyingine mbili, ya kunyooshea nguo na ya kusafiria, zikaishi zote tatu bila ugomvi. Hata namba zilichukuliwa. Mpaka leo tunasema fulani anacheza namba sita au namba tisa, kutokana na jezi za Kiingereza za zamani ambapo kila nafasi ilikuwa na namba yake.

Angalieni pia kilichofanyika kwenye vitendo. Tuliazima nomino, ila kitenzi tukaweka cha kwetu: kupiga shuti, kupiga krosi, kupiga kona, kucheza faulo. Yaani Kiingereza kilikaribishwa ndani, lakini mwenye nyumba ndiye aliyeendelea kupanga viti.

Ushahidi mkubwa kuliko yote uko mbele ya macho yetu kila siku ya dabi. Klabu iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935 iliitwa Young Africans. Watu wakaisema kwa ulimi wao, ikawa Yanga. Mamilioni ya Watanzania wanatamka neno la Kiingereza kila wanapoishangilia au kuitukana, na hakuna anayejihisi anaongea Kiingereza. Watani wao, walioanza mwaka 1936, kwa miaka mingi walitumia jina la mji wa Uingereza, Sunderland. Mwaka 1971 wakaliacha wakawa Simba. Klabu moja ilikimeza Kiingereza kikayeyuka, nyingine ilikitema. Tabia zote mbili bado tunazo.

AWAMU YA PILI: MANENO YA REDIO

Tukio la Simba kubadili jina linatuingiza kwenye awamu ya pili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957. Tulipopata uhuru, Kiswahili kikapewa heshima mpya. Mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili likaundwa kwa sheria. Lakini naamini kazi kubwa ya kukuza Kiswahili cha mpira haikufanyika mezani. Ilifanywa na watangazaji.

Hebu fikiria kazi yao. Mtu yuko Olasiti, redio iko juu ya kabati, mechi inachezwa Dar es Salaam. Mtangazaji hana picha ya kumwonyesha, ana maneno tu. Akisema "ofsaidi" peke yake, bibi anayesikiliza jikoni hataona kitu. Akisema "ameotea", bibi ameona. Kuotea ni kazi ya mwindaji anayejificha akisubiri mnyama apite. Tena mimi naona neno letu limezidi lile la Kiingereza. La kwao linasema mchezaji yuko upande usiofaa. La kwetu linasema alikuwa na nia gani!

Ndivyo walivyoingia mlinda mlango, mwamuzi na mshambuliaji. Kiungo akapewa jina la kile kinachounga, kama maungio ya mwili. Mpira ukaingia kimiani kama samaki. Ukipitishwa juu ya kichwa cha mtu, amevishwa kanzu. Ukipitishwa katikati ya miguu yake, kapigwa tobo. Muda wa nyongeza ukawa dakika za majeruhi, na mwisho wa ligi ukawa lala salama. Kadi za njano na nyekundu zilipotumika kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, tulichukua neno kadi na rangi tukatia zetu.

Sauti za kizazi hicho wengine mnazikumbuka, au mmesimuliwa na wazee. Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, alikuwa mmoja wao. Halima Mchuka alitangaza mpira RTD wakati ambapo kazi hiyo ilihesabiwa ya wanaume. Watu hawa walikuwa walimu wa lugha bila chaki.

Na hapa Arusha tuna kumbukumbu ambayo wengi tunaipita kila siku. Uwanja wetu mkubwa wa zamani unaitwa Sheikh Amri Abeid. Ukiwauliza vijana waliokaa jukwaani, wengi watakwambia huyo alikuwa kiongozi fulani wa zamani. Ni kweli, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri, akafariki mwaka 1964. Lakini alikuwa pia mshairi, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili. Yaani kwa miaka yote hii tumekuwa tukibishana kuhusu ofsaidi ndani ya uwanja wenye jina la fundi wa mizani na vina. Sijui kama kuna mji mwingine wenye bahati hiyo.

Kiswahili cha mpira kikapata nguvu mpaka kikatoka uwanjani. Serikali ikichelewesha jambo, tunasema inapiga danadana. Mtu akinyimwa nafasi, amewekwa benchi. Wakati wa uchaguzi wa 2015 nchi nzima ilizungumzia "bao la mkono", na wala hakukuwa na mpira hapo.

WAKATI HUOHUO, DARASANI

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ikapendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye chuo kikuu. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona ni kama asilimia 10 tu ya wale wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Naomba mrudie kusoma hapo: kiwango cha kuanzia, na wao walikuwa wanamaliza! Ripoti hiyo nayo haikubadilisha lugha ya kufundishia. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, ila sekondari zimeendelea na Kiingereza.

Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo redio ilikuwa inamweleza bibi wa Olasiti mpira mpaka auone kwa masikio, shule ilikuwa inamweleza mjukuu wake Baiolojia kwa namna ambayo asingeweza kuiona hata kwa macho.

AWAMU YA TATU: MANENO YA KIBANDA UMIZA

Ligi Kuu ya England ilianza mwaka 1992. Bara tulikuwa hatuna televisheni, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Vituo binafsi vilipokuja, ITV ikiwemo mwaka 1994, na baadaye madishi ya kulipia, mpira wa Uingereza ukaingia mitaani. Asiye na dishi alikwenda kwenye banda la video, akalipa kiingilio, akabanwa kwenye benchi la mbao. Tukayaita vibanda umiza, na waliokaa humo wanajua kwa nini.

Maneno yaliyoingia kwa mlango huu yana sura nyingine kabisa: "clean sheet", "assist", "top four", "man of the match", "transfer window". Mengi hayakupewa vokali ya mwisho, na hayakuwa na haraka ya kuwa Kiswahili. Babu alisikia neno akalifinyanga. Kijana wa leo analisikia, analiona limeandikwa chini ya skrini, analikuta tena kwenye simu yake, anataka kulitamka kama wenyewe. Babu alikileta Kiingereza nyumbani, mjukuu anatoka kukifuata huko kiliko.

Na mjukuu anapata kitu ambacho babu hakukipata, nacho ni sentensi. Niliwahi kukaa kwenye kibanda kimoja cha Olasiti jioni ya Jumamosi nikaacha kuangalia mechi, nikawa naangalia watu. Mshambuliaji akabaki yeye na kipa, akapaisha. Mtangazaji akasema "he should have scored". Kijana wa bodaboda akauliza huyo kasema nini. Dogo mmoja mwenye sare ya shule akamjibu, "Anasema alitakiwa awe ameshafunga." Fikirini hapo. Hicho ni kipengele cha sarufi ambacho mwalimu anaweza kukifundisha wiki nzima na darasa lisielewe. Dogo kakielewa kwa sababu alishaona goli limekoswa, roho ikamuuma, na ile sentensi ikaja kueleza maumivu aliyokuwa nayo tayari. Dakika tano baadaye walikuwa wanabishana kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kama refa alistahili kutoa kadi. Mmoja akakosea, wakamcheka, akarudia vizuri, ubishi ukaendelea. Kwenye shule nyingi kuna kibao ukutani kimeandikwa "Speak English". Kwenye kibanda hakuna kibao, na Kiingereza kilikuwa kinaongewa.

Wenzetu wameshaitumia njia hii kama mbinu. Tangu 2007 British Council na Ligi Kuu ya England wana mpango wa Premier Skills, na ndani yake kuna masomo ya Kiingereza yanayotumia mpira. Kwa hiyo msidhani tunazungumzia utani wa vijiweni.

Halafu kuna Februari 1, 2020. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepitia TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji, alifunga goli lake la kwanza akiwa na Aston Villa, dhidi ya Bournemouth. Machi 1 akafunga tena Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Siku hizo watangazaji wa Kiingereza ndio waliokuwa na kazi ya kutamka "Mbwana". Baada ya zaidi ya miaka mia ya sisi kuazima, nao wakapata zoezi la nyumbani.

LAKINI TUSIJIDANGANYE

Kiingereza cha mpira kina mipaka. Mtangazaji wa Ligi Kuu hatakufundisha usanisinuru wala mapinduzi ya viwanda. Unaweza kuwa bingwa wa "counter-attack" ukashindwa kuandika barua ya kuomba kazi. Pia kibanda ni mahali pa wanaume. Wakati dogo yule anatafsiri "should have", dada yake pengine yuko nyumbani anachota maji na kupika. Tukisema vijana wa Olasiti wanajifunza Kiingereza kwa mpira, nusu ya vijana hawamo kwenye sentensi hiyo. Na kuna kiingilio, kwa hiyo asiye na hela anabaki nje akisikiliza kelele.

Kiingereza chenyewe kina faida, tusibishane. Arusha inaishi kwa watalii, na mtu wa Olasiti anayekijua ana nafasi zaidi ya kuwa mwongoza wageni, dereva wa safari au mhudumu wa hoteli. Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kuandaa AFCON ya 2027, kwa ombi lililokuwa na jina la Kiswahili, Pamoja. Mwaka 2024 ukaanza kujengwa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, upande huuhuu wa jiji. Mpira uliotuletea maneno kwa masikio, redio na dishi, safari hii umekuja kujenga mlangoni kwetu.

Ndiyo maana swali la lugha haliwezi kuwekwa benchi. Na mpira wenyewe umeshatupa jibu kwa awamu zote tatu. Yule mtoto anayepiga kelele "hendi!" alishaujua mchezo kabla ya neno. Bibi wa redio alielewa kuotea kwa sababu alijua mwindaji anavyojificha. Dogo wa kibanda alielewa "should have scored" kwa sababu aliliona goli likikoswa. Kila mara jambo lilitangulia kueleweka, lugha ikafuata. Darasani tunafanya kinyume. Tunampa mtoto jambo jipya na lugha ngeni kwa mpigo, kisha tukisikia kimya tunasema ni mzito wa kuelewa.

Mimi msimamo wangu ni huu: mtoto aelezwe Fizikia kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza afundishwe kama somo, na mwalimu aliyeandaliwa, kwa mbinu zinazomruhusu kubishana, kukosea na kurudia. Ukimwelewesha kwanza kwa Kiswahili presha ya hewa ndani ya mpira, "pressure" ataipokea kama babu alivyolipokea goli. Na dada yake apate nafasi hiyohiyo, mchana, shuleni, bila kiingilio.

Siku hizi kwenye baadhi ya visimbuzi unaweza kuitazama hiyohiyo Ligi Kuu ya England kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, unabonyeza tu kitufe cha rimoti. Vibandani wanabishana: wengine wanataka Kiswahili wafurahi, wanafunzi wanataka Kiingereza wajifunze, na wakati mwingine wanakubaliana kipindi cha kwanza hiki, cha pili kile. Kama watu waliobanana kwenye benchi la mbao wameweza kupanga hivyo, wanaotunga sera wakiwa kwenye viti vya kuzunguka wanashindwa nini?

Haya, kazi kwenu wadau. Nyie neno lenu la kwanza la Kiingereza mlilipata wapi, darasani au uwanjani?